Vipimo vyote safi, mbona bado naumwa?

*"Shikamoo dada. Mimi ni mama wa miaka 41, nafanya biashara ya mahindi hapa Kibaigwa. Mume wangu alifariki mwaka jana mwezi wa tano, na tangu hapo ndugu zake wanakitaka kiwanja tulichojenga wote. Mwezi wa tisa nikiwa kwenye basi naenda Dodoma mjini, moyo ulianza kwenda mbio, kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, nikajua sasa nakufa. Imenirudia mara nyingi. Hata usiku saa nane naamka natetemeka. Watu wananiambia vuta pumzi kwa nguvu, nikivuta ndiyo inazidi. Basi sipandi tena, nakodi bodaboda mpaka Mbande tu. Bega na mgongo vinauma, nakunywa diklofenaki, tumbo linawaka, mchana najikaza kwa kinywaji cha kuongeza nguvu. Nimepima moyo, damu, sukari, presha na utrasaundi, vyote safi. Daktari wa mwisho akaniambia: mama, huna ugonjwa, punguza mawazo. Nililia njia nzima. Mwenzangu wa kanisani anasema nimetupiwa kitu. Mdogo wangu anasema niende Mirembe, na mimi si kichaa. Jirani ndiye amenielekeza kwako, kwamba unatibu watu kwa mazungumzo. Niambie ukweli: naumwa au siumwi? Maneno yanaingiaje kwenye moyo unaodunda? Na ninyi hasa mmesomea nini?"*

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana kwa msiba, na pole kwa kulia peke yako njiani. Nianze na lile la kwanza ulilouliza: unaumwa. Moyo wako unakwenda mbio kweli, vidole vinakufa ganzi kweli, tumbo linawaka kweli. Hujifanyi na hutungi. Daktari aliyekwambia huna ugonjwa alikuwa na habari njema mkononi, ila alikupa kwa maneno yaliyokuumiza.

Habari yenyewe ni hii. Vipimo ulivyofanya vinaangalia viungo: umeme wa moyo unapitaje, damu ikoje, sukari imepanda au haijapanda. Majibu yakiwa safi, maana yake moyo wako ni mzima kama pampu. Hayakwambii ni nani anayeiwasha hiyo pampu saa nane za usiku. Wewe ni mtu wa mahindi, unaijua lumbesa. Gunia limeshonewa kichwa mpaka mtu mmoja hawezi kulinyanyua, lakini kwenye daftari linaandikwa gunia moja. Mwili wako umebeba msiba na ugomvi wa kiwanja, na kwenye daftari la hospitali pameandikwa "safi".

Kuhusu "punguza mawazo", naomba uliache hilo neno lipite. Mawazo si chumvi kwamba mtu ataambiwa apunguze naye akapunguza. Kila unayemwamuru asikiwaze kiwanja chake atakiwaza zaidi.

Kabla sijaingia kwenye akili, kuna maswali ya mwili ninayotaka yajibiwe, maana mtu wa fani yangu asiyeuliza haya ni hatari kwa mgonjwa. Je, unalala kwenye chumba kinachopakana na ghala? Vidonge vya kuua wadudu wa nafaka hutoa gesi yenye sumu, na gesi hiyo hubana kifua, huumiza kichwa, huleta kizunguzungu na kichefuchefu. Kama unalala karibu na magunia yaliyotiwa dawa, hama chumba leo, usingoje kuniona, na umweleze daktari. Je, walipima wingi wa damu, na je, walipima tezi ya shingoni? Upungufu wa damu huufanya moyo ukimbie, na tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi humfanya mtu atetemeke, atoke jasho, akonde na akose usingizi, halafu watu wanadhani ni wasiwasi. Angalia kwenye vyeti vyako. Kama havimo, omba vipimwe hivyo, si kurudia utrasaundi kwa mara ya tatu. Na kile kinywaji cha kuongeza nguvu kina kafeini. Unaupa moyo mwendo mchana, halafu usiku unashangaa hautaki kusimama.

Tumbo nalo nisiliruke. Kwetu tumezoea kusema vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walimgundua bakteria anayeishi kwenye utando wa tumbo na kusababisha vidonda vingi, na mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu za aina ya diklofenaki, hizo hizo unazomeza kwa ajili ya bega. Kwa hiyo tumbo lako linaweza kuwa na mambo mawili kwa pamoja: dawa inayolikwangua, na hofu inayolikaza na kulifanya lihisi kila kitu mara mbili. Acha diklofenaki ya kujinunulia. Mwambie daktari umeitumia kwa muda gani, naye ataamua kama upimwe huyo bakteria.

Sasa moyo. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye ukubwa kama wa lozi, kazi yake ni kulinda uhai wako. Haisubiri ushahidi. Ikihisi hatari inapiga kengele, na tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unaongeza kasi ili misuli ya miguu na mikono ipate damu ya kukimbilia au kupigania. Tumbo linasimamisha kazi. Pumzi inakuwa ya harakaharaka. Ungekuwa porini Mpwapwa umekutana na fisi, haya yote yangekuokoa. Bahati mbaya kengele hiyo haitofautishi fisi na shemeji aliyekutumia ujumbe kwamba wiki ijayo anakuja kupima kiwanja.

Ukihema haraka wakati umekaa tu kwenye kiti cha basi, unatoa hewa ukaa nyingi kuliko mwili unavyotengeneza. Ikipungua kwenye damu, mishipa ya kichwani inajibana kidogo, unapata kizunguzungu. Neva zinakuwa nyepesi kusisimka, vidole na midomo vinawaka waka na kufa ganzi. Ndiyo sababu ukiambiwa "vuta pumzi kwa nguvu" hali inazidi. Watu wanakutakia mema, lakini wanakuongezea kile kile kinachokuumiza.

Halafu linakuja lile linaloufunga mduara. Unahisi ganzi, akili inasema "ni moyo, nakufa". Akili ikisema hivyo, kengele inalia zaidi, moyo unakimbia zaidi, nawe unapata ushahidi zaidi kwamba unakufa. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, aliueleza mduara huu vizuri, na tiba nyingi tunazotumia leo kwa mashambulio ya hofu zimejengwa juu ya maelezo hayo. Shambulio lenyewe kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 kisha huteremka lenyewe, hata usipofanya lolote. Uliposhuka kwenye basi ukapata nafuu, ulidhani kushuka ndiko kulikokuponya. Lilikuwa linateremka tayari.

Nikueleze jinsi tunavyolifanya jambo hili chumbani kwangu, ili ujue maneno yanapitia wapi. Mgonjwa ambaye moyo wake umeshapimwa na ni mzima, namwomba aheme haraka kwa dakika moja. Mimi nahema pamoja naye. Tumekaa viti viwili vya mbao, mlango umefungwa, saa ya ukutani ipo mbele yetu. Ikifika sekunde ya 40 hivi naona anaanza kuviangalia vidole vyake. Anavisugua. Uso unabadilika. "Ndiyo hii! Ndiyo hii inayonishika!" Nami namwonyesha vidole vyangu, navyo vinawaka waka. Tunakaa tunasubiri, hatufanyi kitu, mpaka ganzi inaondoka. Mama mmoja alinitazama akasema, "Kumbe naweza kuiwasha mwenyewe?" Kitu unachoweza kukiwasha mwenyewe ukiwa umekaa kitini, hakiwezi kuwa kifo. Angenisikia nikisema hivyo kwa saa nzima asingeamini. Aliamini vidole vyake.

Usijaribu hili peke yako nyumbani, hasa kama una pumu, kifafa au mimba.

Umeuliza tumesomea nini. Mimi nilianza kama muuguzi kwenye kituo cha afya cha kijijini huku Ugogoni. Kulikuwa na mzee aliyekuja kila siku ya mnada na mgongo wake. Tulimchoma sindano, tukampa vidonge, akarudi. Siku moja wagonjwa walikuwa wachache, nikamuuliza, "Mzee, huu mgongo ulianza lini?" Nilitegemea ataje mwaka. Akataja siku na saa. Ilikuwa asubuhi waliyombeba kijana wake kutoka kwenye shimo la dhahabu, naye akiwa ameshika upande wa miguu. Hakuwahi kumsimulia mtu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Sisi tuliuliza unauma wapi. Mgongo haukupona siku ile. Ila mnada uliofuata alipokuja hakuulizia sindano, alivuta kiti akaketi.

Baada ya hapo sikutulia. Nilirudi shule, nikasoma shahada ya saikolojia, kisha ya uzamili katika saikolojia tiba. Sehemu kubwa ya masomo yale ni wodini na kliniki, unaona wagonjwa chini ya msimamizi anayekukosoa. Mwanzoni nilimwambia mjane mmoja asamehe ili apone. Nilikuwa na haraka ya kumwona ana nafuu. Hakurudi tena, na bado namkumbuka. Msimamizi wangu aliniuliza, "Haraka ilikuwa ya nani, yako au yake?" Mpaka leo, baada ya miaka mingi, naendelea kukutana na mwenzangu wa fani ili tuipitie kazi yangu, bila kutaja majina ya wagonjwa. Atakayekwambia anatibu akili na hana mtu wa kumkagua, mwogope.

Tofauti zetu ni hizi kwa kifupi: saikatrisia ni daktari kamili aliyebobea kwenye magonjwa ya akili, naye anaandika dawa. Mwanasaikolojia tiba kama mimi siandiki dawa. Natibu kwa mazungumzo na mazoezi yaliyopimwa. Mnasihi anakusaidia kuvuka jambo fulani, kama msiba au ndoa. Una haki ya kumuuliza yeyote kati yetu amesoma wapi na amesajiliwa wapi, na asiyependa swali hilo mwache.

Unaweza kuniuliza kama haya ni mambo ya Wazungu. Nikupe mfano wa hapa hapa Afrika. Zimbabwe kuna daktari wa akili aitwaye Dixon Chibanda. Kuanzia mwaka 2006 aliwafundisha kina bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, kuwasikiliza na kuwasaidia kupanga matatizo yao moja baada ya jingine. Washona wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, sawa kabisa na sisi tunavyosema mtu "ana mawazo". Utafiti uliofanyika Harare kwa watu 573 na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye lile benchi walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hawakuwa wakiwahubiria wala kuwaambia wajikaze. Waliwauliza: kati ya haya yote, lipi tuanze nalo?

Nawe ndivyo ningekuuliza. Naona kwenye barua yako umemtaja marehemu na kiwanja kwa sentensi moja tu, halafu mwili umeueleza mstari kwa mstari. Nadhani hukupata nafasi ya kumlilia mume wako. Msiba haujapoa, ukaanza kulinda nyumba. Mtu anayelinda halegezi mabega, na misuli inayokaa imekazwa miezi mingi huuma kama imepigwa. Naweza kuwa nimekosea, tutaliangalia pamoja.

Na lazima niwe mkweli kuhusu mipaka ya kazi yangu. Mazungumzo hayarudishi kiwanja. Hofu yako ina kitu cha kweli ndani yake, na nikikufundisha kupumua huku ukinyang'anywa nyumba nitakuwa nimekudanganya. Kama mirathi haijafunguliwa, nenda Mahakama ya Mwanzo uulize utaratibu, ukiwa na cheti cha kifo na cha ndoa, na utafute watu wa msaada wa kisheria. Kwangu hiyo ni sehemu ya tiba. Nimeshaona mtu analala usiku wa kwanza baada ya miezi kwa sababu tu jalada lake limepewa namba.

Dawa je? Zipo zinazosaidia, kama fluoksetini na amitriptilini. Hazikugeuzi kuwa mtu mwingine wala si za kumlewesha mtu, ila zinahitaji wiki mbili hadi nne kabla hujaona nafuu, na siku za mwanzo zinaweza kukuletea kichefuchefu au usingizi. Ziandikwe na daktari, na usiziache ghafla. Valium ya kununua dukani ni jambo jingine. Inatuliza usiku huo huo, ndiyo maana inapendwa, na baada ya wiki chache mwili unaidai. Kwa hali yako ningeanza na mazungumzo, mara moja kwa wiki, mara 8 hadi 12. Kama baada ya nne au tano hulali wala huli, tungemshirikisha daktari wa dawa. Kwa wengine vyote viwili pamoja ndiyo njia bora, na hakuna aibu hapo.

Maombi sitakukatalia. Kama yanakupa nguvu, na kama kanisani kuna watu wanaokushika mkono, hiyo ni hazina ambayo mimi siwezi kukuandikia kwenye cheti. Ila yeyote akikwambia ufunge kula wakati tumbo linawaka, uache dawa, umlipe hela ya mahindi ili akutoe kitu, au akamtaja shemeji au jirani kuwa ndiye aliyekutupia, ondoka. Huyo anakuongezea fisi mwingine.

Sasa Mirembe. Najua jina hilo linavyotumika mitaani; Dodoma mtu akitaka kumtukana mwenzake anamwambia atoke akanywe dawa zake Mirembe. Mdogo wako hakukutukana. Ile ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, ipo tangu miaka ya 1920, na kila siku kuna watu wanaingia kliniki asubuhi, wanaonana na mtaalamu, wanarudi makwao mchana: watu wasiolala, wenye sonona, wenye kifafa, wenye kiwewe. Kwenda huko hakuna maana ya kulazwa. Hata hivyo si mlango pekee. Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe au hospitali ya wilaya, waombe wakupe rufaa kwa mhudumu wa afya ya akili.

Wakati unasubiri, fanya mawili. La kwanza, asubuhi na jioni, ukiwa umetulia na si wakati wa shambulio, kaa, weka mkono tumboni chini ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua taratibu ukihesabu hadi 4, bila kulazimisha, kisha itoe taratibu ukihesabu hadi 6. Mkono uinuke, mabega yasiinuke. Dakika tano zinatosha. Kazi iko kwenye kutoa. Pumzi ya kutoka ndiyo inayoupunguza mwendo wa moyo. La pili ni basi. Kila unapolikwepa, ile kengele inajifunza kwamba basi kweli ni fisi. Usianze na safari ya Dodoma. Nenda stendi ukae nusu saa bila kupanda. Siku nyingine panda mpaka Mbande na mtu unayemwamini. Halafu mpaka Mbande peke yako. Hofu itakuja, usishuke inapokuja, kaa nayo mpaka iteremke, maana sasa unajua inateremka. Ukishindwa siku moja, rudia hatua ya nyuma yake.

Kuna mambo ambayo ukiyaona usinisubiri mimi wala benchi lolote, nenda hospitali siku hiyo hiyo: kifua kuuma unapobeba mzigo au kupanda ngazi, hasa maumivu yakienda mkononi au kwenye taya; kuzimia; upande mmoja wa mwili kuishiwa nguvu; kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi, homa za jioni au kukonda bila sababu navyo vipimwe, na kama unakunywa maziwa yasiyochemshwa mwambie daktari, kwa sababu kuna homa zake zinazoleta maumivu ya mgongo na jasho la usiku.

Na hili nakuuliza kama dada yako, ulijibu moyoni mwako hata kama hukuniandikia: je, umewahi kufikiri heri ungemfuata mume wako? Kama ndiyo, si dhambi ya kuficha na hujawa kichaa. Wafiwa wengi hupitiwa na wazo hilo. Mwambie mdogo wako leo. Zile dawa za ghala mpe mtu mwingine azifungie na akae na ufunguo, wewe usijue zilipo. Wazo hilo likikushika kwa nguvu, usilale peke yako, na mwende hospitali usiku huo huo, Mirembe au iliyo karibu zaidi.

Ukija kwangu, chagua siku ambayo soko halikubani, kwa sababu mara ya kwanza tutakaa kama saa moja na nusu. Njoo na mdogo wako kama unapenda. Yeye atasubiri nje sehemu ya kwanza, na utakayoniambia hatayasikia kwangu. Beba vyeti vyote vya vipimo na kila dawa unayotumia, hata pakiti tupu ya diklofenaki na chupa ya kile kinywaji. Ukiwa na picha ya marehemu kwenye simu, njoo nayo pia. Sitakuuliza kwanza unaumwa wapi.